Bernadine Hudak na Kadi za Mkate

Nyumbani kwa Bernadine Hudak kulikuwa na amri moja, na amri hiyo waliijua wajukuu, fundi bomba na hata padri: albamu ikiwa mezani, kikombe hakikai mezani. Kahawa utainywa umesimama kando ya sinki kama askari wa zamu. Ukithubutu kuuliza kwa nini, utaonyeshwa duara la rangi ya kahawa kwenye ukurasa wa tatu, kisha utatajiwa jina la binamu mmoja wa marehemu mumewe ambaye hajaalikwa chakula cha Krismasi tangu siku hiyo.

Na albamu yenyewe, jamani, haikuwa kitu cha kumnyima mwizi usingizi. Zilikuwa kadi za wachezaji wa besiboli, ndogo za kutoshea kiganjani, kingo zimelika, rangi zimepauka. Hakukuwa na nyota hata mmoja ndani yake. Zilikuwa kadi za mkate. Kiangazi cha mwaka 1955, tanuri la mzee Sedlar hapa Lowry Bend lilikuwa likitia kadi moja katika kila mkate, katikati ya karatasi ya nta na ganda, na kila kadi ilimwonyesha kijana mmoja wa Wafuaji, timu ya mji wetu. Mbele kulikuwa na picha. Nyuma kulikuwa na maelezo: jina, kwao, mkono anaorushia mpira, mechi alizoshinda, na maneno mawili matatu ya kumsifu, kama vile anapenda kuvua samaki au anamwogopa kinyozi.

Wafuaji ilikuwa timu ya daraja la chini kabisa. Vijana wake walikuwa wakingoja kuitwa juu kwenye ligi kubwa, na wengi walingoja mpaka nywele zikaanza kuwatoka. Wachache wa misimu mingine wakaitwa, wakawa maarufu huko walikokwenda. Waliobaki wakawa madereva, wauza viatu na wasoma mita. Bernadine aliwapenda hao waliobaki. Watu wakimcheka, yeye hujibu, "Wakubwa wana watu wao. Hawa wana mimi."

Mapenzi hayo alikua nayo. Kwao walizaliwa tisa, na mkate ukiingia mlangoni ulikuwa hauna hata nafasi ya kupoa. Kaka zake walizibana kadi kwa vibanio vya nguo kwenye tairi za baiskeli, ili spoki za gurudumu zikizigonga baiskeli ingurume kama pikipiki. Ndivyo walivyozimaliza, wajinga wale. Bernadine zake alizificha ndani ya kitabu cha sala cha mama yake, mahali ambapo alijua fika kuwa kaka zake hawatatia mkono.

Jioni baba yao alirudi kutoka kwenye tanuri za chuma, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto na kusema kwa Kislovaki, "Haya binti, nisomee wa leo." Kusoma Kiingereza alikuwa hajui. Bernadine akageuza kadi na kumsomea nyuma: fulani, mtoto wa mchimba makaa, ameshinda mara kadhaa, hapendi maharage. Baba akicheka, maji yalimwagika sakafuni. Masista wa shuleni walijisifu kwamba wao ndio waliomfundisha yule mtoto kusoma, na Bernadine aliwaachia sifa hiyo kwa sababu watu wa Mungu hawana starehe nyingi.

Maisha yakaenda. Akaolewa na Andy Hudak, mwendesha winchi kiwandani, mtu mpole aliyekuwa akipiga mluzi hata kwenye mazishi. Akapiga pasi mashati ya watu kwenye duka la dobi kwa miaka mingi, akazaa mabinti wawili, akawasomesha, wakahamia mbali kusiko na theluji. Kiwanda kikafungwa. Andy naye akafa, ghafla, akiwa ameshika kopo la rangi ya uzio. Uzio wa Bernadine mpaka leo umepakwa rangi nusu, na ole wake atakayejitolea kuumalizia.

Ni baada ya msiba huo ndipo kile kitabu cha sala kilipofunguliwa tena. Bernadine akazipanga kadi zote ishirini na nne kwenye albamu, akazitazama sura za wale vijana, na akajiuliza walikwenda wapi wote hawa. Swali hilo ndilo lililomwinua kutoka kitandani mwaka ule. Akaanza kuwatafuta mmoja mmoja.

Masharti alijiwekea mwenyewe, na yalikuwa magumu kuliko ya kanisa. Hakuna kutumia posta. Ni lazima afike, akae, ale atakachopewa, na mwenye kadi aandike jina lake kwa mkono wake juu ya picha yake. Kama amekufa, basi aliyemzika aliandike jina hilo kwa niaba yake.

"Unaharibu kadi, shemeji," Stush Gorski alimwambia. Stush alikuwa rafiki wa Andy tangu kiwandani, na kila Jumamosi alikuwa na meza kwenye soko la kadi ndani ya ukumbi wa zimamoto. Zake alizihifadhi kwenye plastiki ngumu na alizishika kwa ncha za vidole kama mtu anayebeba yai bichi. "Mjane wa mtu kuandika kwenye kadi! Hiyo si saini, hayo ni matusi."

"Wewe kadi zako zina hali nzuri, Stush. Zangu zina habari. Nani kati yetu analala na furaha?"

"Mimi nalala na mke."

"Ndiyo maana nimeuliza."

Na habari kweli alikuwa nazo. Alikuwa na Buck Lindgren, aliyeitwa ligi kubwa jioni ya siku moja, akashika gongo mara moja tu na kuupiga mpira ukatua mbali kabisa, halafu mvua ikanyesha na mechi ikafutwa. Mechi iliyofutwa haiandikwi popote. Buck akarudi nyumbani, akawa muuza maziwa, na kwa miaka thelathini kila mlango aliogonga ulipata maziwa pamoja na ile mvua. Alikuwa na Teddy Mazur, mdakaji, aliyekuja kuwa mzika maiti na aliyeomba radhi kwamba nyumbani kwake hakuna kalamu isiyo nyeusi. Alikuwa na Sal Fontana, ambaye vidole vyake vilivunjika mara nyingi hata saini yake ikawa kama kuku amepita.

Ray Tolliver alikuwa ameshafariki. Bernadine alisafiri mpaka Ohio kwa mjane wake, mwanamke mnene mcheshi aliyempa pai ya cheri na kuandika jina la mumewe kwa herufi za mviringo juu ya ile picha ya Ray anayecheka meno yote nje. Halafu mjane akafunua ukurasa uliofuata. Hapo palikuwa na kadi ya Emil Durkota, mrushaji, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, shavu limevimba kwa tumbaku. Yule mama akacheka. Akacheka mpaka machozi, akajipangusa kwa aproni, akasema, "Ah, Ray. Ah, wewe mwanamume wewe." Bernadine, mjane mwenzake, alidhani ni uchungu wa kufiwa, akamshika mkono na wala hakuuliza.

Basi akabaki huyo Emil Durkota peke yake. Wengine wote walikuwa na majina juu ya nyuso zao.

"Huyo sahau," Stush alimwambia. "Yuko hai, anaishi Blyth, chini ya mto huko. Watu wamemwomba na kumwomba. Hasaini. Kadi zinarudi zilivyokwenda."

"Anaringa?"

"Sijui. Labda ni mchawi. Alicheza msimu mmoja, shemeji, mkono ukafa. Utaringia nini msimu mmoja?"

Bernadine aliposikia kwamba Durkota huonekana kanisani Blyth kila Ijumaa ya Kwaresima, watu wanapouziwa samaki, alivaa koti lake zuri na kupanda gari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye alikuwa ameinama miaka mingi, hakuona sababu ya kunyooka sasa.

Ukumbi wa chini ya kanisa ulikuwa umejaa pomoni. Foleni ilianzia mlangoni, harufu ya mafuta na vitunguu ilikuwa nzito, na mlangoni aliketi mama mmoja mkali aitwaye Irene, anayeuza tiketi na kukaripia. Bernadine aliangaza macho huku na huku akitafuta ile sura: taya pana, pua fupi, macho ya utundu. Alikuwa ameitazama maisha yake yote. Hata kama amezeeka, angemtambua tu.

Hakumwona. Alipofika mbele ya foleni, akamsogelea mzee mmoja anayekaanga samaki, mrefu, mwembamba, masikio makubwa, pua imeshuka kama mdomo wa birika. Akatoa kadi kwenye mkoba.

"Samahani, mzee. Huyu yuko hapa leo?"

Mzee akaitazama kadi. Akaitazama sana, hata samaki mmoja akaanza kuwa mweusi.

"Huyu?" akasema. "Hayupo hapa, dada."

"Hata Ijumaa zingine haji?"

"Sijawahi kumwona hapa hata siku moja." Kisha, bila kuulizwa, akamwekea samaki mkubwa aliyetokeza pande zote mbili za mkate, na juu yake pirogi, yale maandazi ya kuchemshwa yenye viazi ndani. "Kula, umetoka mbali."

Bernadine akala peke yake akiwa amenuna. Samaki alikuwa mtamu mno, na hilo likamuudhi zaidi. Jumamosi akamrukia Stush palepale kwenye meza yake. "Blyth hayupo! Umenipeleka kula samaki wa dola kadhaa bure!"

"Yuko," akasema Stush. "Mke wangu hununua samaki kwa Durkota mwenyewe. Ndiye anayekaanga."

Bernadine akanyamaza. Stush, ambaye alikuwa hajawahi kumwona akinyamaza, akaogopa kidogo na kumsogezea kiti.

Ijumaa ya pili hakupanga foleni. Alimpita Irene kama upepo, akazunguka meza, akaingia jikoni mpaka kwenye karai la mafuta, na kupiga kofi ubao wa unga.

"Mzee mzima! Tena ndani ya kanisa! Tena Kwaresima! Unanidanganya mchana kweupe?"

Emil Durkota hakushtuka. Alikuwa na mwiko wa matundu mkononi, akautikisa mafuta yadondoke.

"Sijakudanganya, dada. Umeniuliza kama huyo wa kwenye picha yupo hapa. Hayupo. Huyo ni Ray Tolliver."

"Ray Tolliver ninaye! Yuko ukurasa wa kabla yako!"

"Basi unao Ray wawili. Wengi wana mmoja tu, mshukuru Mungu."

Bernadine akaitoa kadi. Akaitazama kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameitazama maisha yake yote. Toa tumbaku shavuni, inua kofia, mpe meno. Ray. Na si hivyo tu: glovu ilikuwa mkono wa kushoto, maana yake huyu anarushia kulia. Nyuma ya kadi, maneno aliyoyajua kwa moyo tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, yalisema kuwa Emil Durkota ni kashoto. Mbele na nyuma zilikuwa zikibishana miaka yote hiyo, na yeye, hodari wa Lowry Bend nzima, hakusikia. Uso ukamwaka moto, na si kwa sababu ya karai.

"Mungu wangu," akasema. "Mimi ni punguani."

"Si wewe tu," Emil akasema kwa upole. "Shika hicho chombo cha chumvi, wasije wakakufukuza."

Basi Bernadine akatia samaki chumvi, na Emil akamweleza. Siku ya kupigwa picha alikuwa amempeleka mama yake sokoni kwa basi, na basi likaharibika njiani. Mpiga picha alikuwa na haraka. Ray, ambaye alikuwa hawezi kupitwa na mzaha, akachukua kofia ya Emil, akajaza tumbaku shavuni na kusimama. Timu nzima ikajiuma midomo isicheke.

"Nami nilicheka," alisema Emil. "Ujana. Nilijua mwakani watanipiga yangu. Mwakani, mwezi wa tatu tu, bega likakatika. Nikaenda kiwanda cha vioo, ndiyo basi. Hakuna kadi nyingine."

"Na kwa hiyo ukakasirika."

"Mimi? Hapana. Ray nilimpenda." Akageuza samaki. "Ni mama."

Mama yake, Anna Durkota, alinunua mkate wa Sedlar kiangazi kizima. Walikula mkate asubuhi, mchana na jioni, uliobaki wakawapa kuku, hadi baba akauliza kama kuna mtu amekataza viazi. Kadi zikatoka za kila mtu isipokuwa ya mwanawe. Mwezi wa nane ikatoka. Jina mama aliweza kulitambua, maana Durkota lilikuwa limeandikwa pia kwenye sanduku la barua. Akaita majirani. Akanawa mikono. Akafunua karatasi ya nta mbele ya watu wote.

"Akaniuliza," Emil akasema, na hapo mwiko ukasimama, "akaniuliza, 'Emil, huyu ni mtoto wa nani?'"

Bernadine akamtia chumvi samaki yuleyule mara ya pili.

"Hakuitupa. Jina lilikuwa letu, angeitupaje? Aliiweka kwenye kabati la vyombo vya sikukuu, kifudifudi, asimwone yule mtoto wa watu. Ikakaa hivyo mpaka alipokufa. Mimi sikuigusa hata siku moja, niliona aibu. Kwa hiyo nisamehe, dada, lakini jina langu siliandiki juu ya uso huo. Si kiburi. Nikiandika ni kama namjibu mama kwamba ndiyo, ni huyu."

Irene akachungulia. "Emil! Watu wanangoja! Na huyu mwanamke ni nani jikoni kwangu?"

"Ni mtia chumvi," Emil akasema.

Bernadine alirudi nyumbani bila saini na, kwa mara ya kwanza, bila hasira. Alimhurumia Emil, alimhurumia mama Durkota na mikate yake yote ile. Akaiweka albamu mezani, kahawa akaiacha kwenye sinki. Aliifikiria ile kadi kwenye kabati la vyombo, imelala kifudifudi, mgongo juu, mwaka baada ya mwaka, katika nyumba ambayo mwenyewe hawezi kusoma Kiingereza na mwanawe hataki kuigusa. Polepole akaivuta kadi yake kutoka kwenye mfuko wake wa plastiki na kuigeuza. Akasoma maneno aliyoweza kuyasema usingizini. Akainuka, akakaa, akainuka tena, akapiga simu.

"Stush. Mtu akisaini kadi nyuma?"

"Nyuma? Haihesabiki, shemeji. Saini ni usoni. Kadi ya kusainiwa nyuma imeharibika mara mbili."

"Na nikiiweka kwenye albamu, nyuma ndiyo iwe juu?"

"Itakuwa kama mtu kanisani aliyekaa ameipa altare kisogo. Miaka yote hii umehangaika upate nyuso ishirini na nne, leo unataka kisogo kimoja? Watu watakucheka ukumbini."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa wa kwanza."

"Nilijua nina rafiki," akasema Bernadine, akakata simu. Aliitazama albamu yake, kurasa zilizokuwa zinakaribia kukamilika vile alivyoziota, kila kijana amekutazama usoni. Moyo ulimuuma kidogo, tusidanganyane. Halafu akaenda kupiga pasi gauni la Ijumaa.

Ijumaa ya tatu Irene alimwona akija na kumpa aproni bila kusema neno. Emil alikuwa katikati ya kazi, karai linatokota, foleni imefika nje.

"Dada, nilishakwambia," akaanza.

"Uliniambia ya mbele. Ya mbele ni ya Ray, nimekubali, mwachie. Nyuma umewahi kuisoma?"

"Nyuma kuna hesabu tu. Ushindi na kushindwa."

"Umewahi kuisoma, mzee, au hukuwahi?"

Emil akatikisa kichwa. Bernadine akavaa miwani. Akaishika kadi mbali na mafuta, kama alivyokuwa akiishika mbali na beseni la baba yake, na kumsomea kwa sauti ileile.

"Emil Durkota, mrushaji, kashoto. Mzaliwa wa Blyth. Ni mtoto wa mwisho wa Bi. Anna Durkota, ambaye hajakosa mechi hata moja tangu mwanawe aanze kucheza. Kabla ya kila mchezo, Emil hula pirogi za mama yake, na anasema bila hizo mkono haurushi. Wachezaji wenzake waliozionja wanasema ni kweli."

Mafuta yakachemka. Emil alikuwa ametazama ukuta.

"Nani aliwaambia hayo?" akauliza mwishowe. "Mimi sikuwapo siku hiyo. Sikuongea na mtu yeyote wa tanuri."

"Waliongea na yule waliyemdhania ni wewe."

"Ray," akasema Emil. Kisha akasema tena, polepole, "Ray. Alikuwa akila kwetu kila Jumapili, fisi yule. Mama alikuwa akimfungia nyingine aende nazo." Akaweka mwiko chini. "Na jina lake limo? Anna?"

"Limo. Bi. Anna Durkota. Lilikuwa juu siku zote, mzee, pale kabatini. Hakuna aliyemsomea tu."

Emil Durkota akafuta mikono kwenye aproni, mmoja mmoja, kila kidole. Akapokea kalamu. Akaigeuza kadi mwenyewe kwanza, akamtazama Ray na shavu lake la tumbaku, akamtikisia kichwa kama unavyomtikisia ndugu mtundu. Halafu akairudisha nyuma juu, akaiweka kwenye ubao mahali pasipo na unga, na akaandika kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya jina la mama yake, Emil Durkota. Aliandika polepole na ulimi umetoka pembeni, na alipomaliza hakuiachia.

"Emil!" Irene akapiga kelele kutoka mlangoni. "Samaki!"

"Nisomee tena," Emil akamwambia Bernadine. "Pale pa pirogi."

"Samaki wanaungua, mzee."

"Waache waungue. Nisomee."

Bernadine akasogea karibu, akarekebisha miwani na kumsomea tena tangu mwanzo, jina, Blyth, mama, pirogi, huku foleni nzima ikinung'unika na moshi ukipanda. Ijumaa ile watu wa Blyth walikula samaki mweusi.